Nani Afute? Kumbukumbu za Kitui na Makueni Katika Hifadhi ya Wingu

Amri yenyewe ni fupi. Mwenye funguo za akaunti ya Amazon akiandika aws s3 rm, akafuatisha anwani ya ndoo, yaani chombo cha kuhifadhia faili kwenye wingu, akamalizia na --recursive, kila faili iliyo chini ya anwani hiyo huanza kuondoka, majina yakipita kwenye skrini kwa kasi isiyosomeka. Mashine haimuulizi kama ana hakika. Pipa la taka halipo. Google na Microsoft nao wana amri zao za kazi hiyo hiyo. Na kwa kuwa amri ni fupi, mjadala kuhusu kufuta umezoeleka kuwa mjadala wa kidole: nani alikosea kuandika, nani hakutazama mara mbili, nani apelekwe mafunzo. Ninavyoona mimi, kidole ndicho cha mwisho kulaumiwa. Hatima ya faili huamuliwa siku inapohifadhiwa: kwa jina inalopewa, kwa ndoo inamowekwa, na kwa ruhusa zilizogawiwa watu kabla hajatokea wa kutaka kuifuta. Kwa serikali za kaunti kama Kitui na Makueni, ambazo sheria inazitaka zifute na papo hapo inazitaka zitunze, uamuzi huo hauwezi kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake.

Tuanze na hifadhi, maana kutoelewa umbo lake ndiko kunakozaa hasara nyingi. Ndoo za aina hii, ambazo Amazon ilianza kuziuza Machi 2006 kwa jina la S3, hazina folda. Kinachoonekana kama folda ni sehemu ya jina tu. Faili iitwayo kibwezi/2021/kisima-04.jpg haikai ndani ya kitu kinachoitwa kibwezi. Jina lake lote ndilo hilo, na ile mikwaju ni herufi kama herufi nyingine. Anayefuta kwa wingi, basi, anafuta kwa majina. Kama picha zilipakiwa kwa majina yaliyotolewa na simu, IMG na tarakimu nne, hakuna amri itakayotenganisha kisima cha Mutomo na nakala ya kitambulisho cha mkazi wa Mtito Andei. Umri nao hauaminiki: ndoo huhesabu siku tangu faili ilipowekwa humo, hivyo ukihamishia kila kitu kwenye akaunti mpya, picha ya 2014 inakuwa ya leo. Na ile kanuni ya kufuta yenyewe baada ya muda, ambayo wengi huisifu kwa kuwapunguzia kazi, husoma mwanzo wa jina bila kujali maana. Ukiiandikia neno kitui, itazoa kitui-kati na kitui-kusini pamoja nalo.

Hata anayeyajua hayo anaweza kunaswa na mantiki ya amri. Tuchukue afisa anayetaka kuondoa faili za muda tu, zinazoishia na .tmp, zilizobaki baada ya kupakia picha za droni za mashamba. Anaandika:

aws s3 rm s3://picha-mashamba/ --recursive --include "*.tmp"

Kwa macho ya binadamu, maneno hayo yanasema futa zile za .tmp. Kwa mashine yanasema futa zote. Kila faili imejumuishwa tangu mwanzo, na --include haipunguzi chochote. Ilipaswa kutanguliwa na --exclude "*" ili kwanza zote zitoke kwenye hesabu, kisha za .tmp zirudishwe. Mpangilio nao una uzito, kwani kichujio cha nyuma hukishinda cha mbele. Mwongozo wa Amazon unaeleza hayo bila kuficha, na bado mtego huo utamnasa mtu makini kabisa jioni ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa na ripoti tatu zinamngoja. Kinga ipo, nayo ni neno moja: --dryrun. Ukiliongeza, hakuna kinachofutwa. Unaletewa orodha ya ambavyo vingefutwa. Nitairudia orodha hiyo, kwa sababu ina kazi kubwa kuliko inayopewa.

Lakini amri iliyoandikwa sawasawa nayo haina matokeo ya aina moja. Katika ndoo ya kawaida, rm huondoa faili moja kwa moja na hairudi. Katika ndoo iliyowashiwa utunzaji wa matoleo, rm ile ile, herufi kwa herufi, haiondoi kitu. Huweka alama ya kufutwa juu ya faili, faili ikatoweka machoni, na nakala yake ikabaki chini, ikiendelea kulipiwa kila mwezi. Ni kama mito ya mchanga ya Kitui wakati wa kiangazi: mgeni anayepita darajani ataapa kwamba mto umekauka, na mwenyeji anachimba kwa mikono na kuteka. Kuiondoa faili ya namna hiyo kabisa kunahitaji kutaja kila toleo lake, kwa ruhusa iliyo tofauti na ile ya kufuta kwa kawaida. Afisa anayeandika rm leo, kwa hiyo, hajui anafanya nini mpaka ajue aliyefungua ndoo miaka iliyopita alichagua nini. Huenda anaangamiza asichokusudia kukiangamiza. Huenda pia anamhakikishia mwananchi kwamba taarifa zake zimefutwa, na taarifa hizo zipo, zimefunikwa tu.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na inaingia kwa milango miwili. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mtu katika Kifungu cha 31, na katika Kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mlango wa kwanza ulizaa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka data binafsi isikae zaidi ya muda unaohitajika, na kumpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Wa pili ulizaa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayozitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zao vizuri na kumtia hatiani anayeziharibu ili zisitolewe kwa aliyeziomba. Nyuma ya zote mbili iko sheria kongwe ya Nyaraka za Kitaifa ya 1965, ambayo hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu zake kienyeji. Mkurugenzi wa Nyaraka ana sauti. Sheria hizi hazipingani zikisomwa kwa utulivu. Ile ya 2019 yenyewe inaruhusu data kubaki pale sheria nyingine inapodai, au inapohitajika kwa historia, takwimu na utafiti. Kinachopingana ni faili, kwa jinsi zinavyotengenezwa.

Makueni inatoa mfano mzuri, kwa sababu imekwenda mbele kuliko kaunti nyingi. Mwaka 2019 ilizindua tovuti ya mikataba ya wazi, ambamo mkazi anaweza kufuata mradi tangu zabuni hadi malipo, na miradi yake husimamiwa na kamati za wananchi wenyewe. Sasa fikiria ripoti ya kamati moja kuhusu kisima. Ukurasa wa kwanza una picha ya tangi na bomba: huo ni ushahidi wa fedha za umma na unapaswa kudumu. Ukurasa wa pili una orodha ya waliohudhuria: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Huo ni data binafsi, na muda wake wa kukaa una kikomo. Zote mbili zimeskaniwa kuwa faili moja ya PDF. Mwanakamati akiomba namba yake iondolewe, afisa hana amri ya kumsaidia. Akifuta, anapoteza ushahidi wa kisima. Akiacha, huenda anavunja sheria. Kasoro hiyo haikutokea siku ya maombi. Ilitokea mbele ya skana, mtu alipoona ni rahisi zaidi kuziweka karatasi mbili pamoja.

Gharama ya kupuuza upande wa faragha inajulikana. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza faini taasisi tatu, mojawapo shule ya Uthiru iliyotozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru data ya kibayometria ya Wakenya iliyokusanywa na mradi wa Worldcoin ifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna huyo. Jambo la kuzingatia katika uamuzi huo ni usimamizi. Mahakama haikutosheka na mtu kusema amefuta. Ilitaka jicho la mwingine. Na anayetaka kuthibitisha kwamba faili fulani ilifutwa, na nani, na lini, atagundua kwamba rejesta ya Amazon iitwayo CloudTrail haiandiki ufutaji wa faili mojamoja mpaka iambiwe mapema ifanye hivyo. Ushahidi wa kufuta nao huandaliwa kabla.

Gharama ya kupuuza upande wa pili, wa kutunza, ni ngumu zaidi kuihesabu, lakini Ukambani, eneo lenye kaunti hizi mbili, kuna kielelezo chake. Mwaka 1937 afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Barnes, alipiga picha za mmomonyoko wa udongo katika Machakos, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa na Makueni ndani yake. Makueni ilitengwa mwaka 1992. Zilikuwa picha za kazi, za kuonyesha wakubwa jinsi ardhi ilivyoharibika. Mwaka 1991 watafiti walisimama palepale wakapiga upya, na mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakachapisha More People, Less Erosion. Watu walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kama milioni 1.4 kufikia 1990, na mahali pa makorongo palikuwa na matuta na miti. Kitabu hicho kiliwalazimisha wengi kufikiri upya kuhusu dhana kwamba wingi wa watu huua ardhi. Bila zile picha za kazi, hoja ingebaki maneno dhidi ya maneno. Mhasibu yeyote wa mwaka 1950 angeziita takataka za stoo.

Msomaji mkali atanibana hapa: kama mwaka 1937 hakuna aliyejua thamani ya picha zile, inawezekanaje hatima ya faili iamuliwe siku inapohifadhiwa? Pingamizi hilo ni la haki, na linanilazimisha kusema kwa usahihi zaidi. Kinachoamuliwa mapema ni aina ya faili na mwenye mamlaka juu yake. Thamani inaweza kungoja. Picha ya bonde, ya bwawa la mchanga, ya zahanati inayojengwa, haina siri ya mtu, hivyo kanuni yake iwe kubaki, na kuifuta kuhitaji ombi na idhini. Orodha ya majina na namba za simu kanuni yake iwe kuisha muda, na kuibakiza ndiko kuhitaji ombi na idhini. Hilo mtu anaweza kulitambua akiwa ameshika karatasi mkononi, bila kubashiri miaka 54 ijayo.

Wapo wanaosema tusifute kitu kabisa, hifadhi ni rahisi. Kwa bei ya kawaida ya Amazon katika eneo la Virginia, dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi, terabaiti moja hugharimu kama dola 23, karibu shilingi 3,000 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Ni kweli hiyo si fedha ya kuitikisa bajeti ya kaunti, na hoja ya kufuta ili kubana matumizi mara nyingi ni hoja dhaifu. Lakini urahisi wa bei hauondoi wajibu. Makueni ilipoanzisha MakueniCare mwaka 2016, kaya ilijisajili kwa shilingi 500 kwa mwaka; Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ikaja na bima yake ya shilingi 1,000. Tangu Oktoba 2024 Wakenya wanasajiliwa upya katika Mamlaka ya Afya ya Jamii. Orodha za kaya za mipango kama hiyo zina majina ya wagonjwa na wategemezi wao, na haziwi salama kwa kuwa zimepitwa na wakati. Zinakuwa hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayezitazama.

Wengine wanapendekeza amri zipigwe marufuku, kila mtu afute kwa kubofya kwenye tovuti ya huduma. Naliona hilo kama kurudi nyuma. Kubofya hakuachi maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma kabla ya tendo. Amri ni sentensi. Inaweza kuandikwa asubuhi, ikapelekwa kwa mwenzako, ikapingwa, ikasahihishwa. Na ile orodha ya --dryrun inaweza kuelekezwa kwenye faili, ikachapishwa, ikatiwa sahihi na afisa wa masjala kama orodha yoyote ya karatasi zinazopelekwa kuteketezwa. Baada ya hapo ufutaji ufanywe kutoka orodha iliyoidhinishwa, bila kuiandika upya amri ya jumla, kwa maana kati ya orodha na tendo huenda faili mpya zimeingia ndooni. Kwa mikono, kazi ya faili laki tatu haifanyiki. Itafanywa kwa kufuta ndoo nzima na kuanza upya, jambo baya kuliko yote.

Kuna pia imani kwamba nakala za akiba hutibu kila kosa. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, na kampuni ilipokimbilia akiba iligundua kwamba kati ya njia zake tano hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Ndoo ya S3 iliyodhaniwa kuwa na nakala ilikuwa tupu. Wazo jingine, la kurudisha data nyumbani, lina mvuto wake, na Makueni ndiyo yenye haki ya kulisema kwa sauti, kwa kuwa kituo cha kitaifa cha data kilichojengwa na Huawei kiko Konza, katika ardhi ya Malili. Lakini eneo halitibu utaratibu. Septemba 26, 2025, moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini huko Daejeon, ukateketeza terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma ambazo hazikuwa na nakala nje ya jengo. Seva zilikuwa nyumbani kabisa.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la uhaba wa watu. Ofisi ya teknohama ya kaunti haina jeshi la wahandisi, na kumtenga anayeweka na anayefuta kunaweza kuonekana anasa. Lakini kaunti hizi tayari zinaishi na utaratibu huo kwenye fedha: katika IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, aliyeandaa malipo siye anayeyaidhinisha, na hakuna anayedai kwamba uchache wa wahasibu ni sababu ya kuuondoa. Kwenye ndoo, utengano huo hauna ada. Ruhusa ya kuweka, ruhusa ya kufuta na ruhusa ya kufuta matoleo ya zamani ni ruhusa tatu tofauti, na afisa wa kila siku anahitaji ya kwanza tu. Februari 28, 2017, mfanyakazi wa Amazon mwenyewe, akifuata mwongozo uliokuwepo, alikosea sehemu moja ya amri na kuondoa seva nyingi kuliko alizokusudia, S3 ya Virginia ikayumba kwa saa kadhaa. Amazon ilibadilisha chombo: kikaondoa seva polepole zaidi, na kikakataa kushuka chini ya kiwango cha chini. Kampuni yenye wahandisi wengi hivyo haikutegemea umakini wa kidole. Sembuse ofisi ya watu wachache huko Wote au Mwingi.

Linalobaki ni la kisiasa. Kitui iliongozwa na Julius Malombe tangu 2013, Charity Ngilu tangu 2017, kisha Malombe tena tangu 2022. Makueni ilitoka kwa Kivutha Kibwana kwenda kwa Mutula Kilonzo Jr. mwaka huo huo wa 2022. Makabidhiano hushughulika na magari, mihuri na madeni, na funguo za ndoo zinastahili kuwa kwenye orodha hiyo hiyo, kwa kuwa anayetoka akiwa bado na ruhusa ya kufuta ameondoka na stoo ya kumbukumbu mfukoni. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kabla ya hapo wawakilishi wa wadi wa kaunti zote mbili wadai majibu ya maswali matatu: kaunti ina ndoo zipi, zimewashiwa utunzaji wa matoleo au la, na ni akina nani, kwa vyeo vyao, wenye ruhusa ya kufuta. Wasipouliza wao, raia yeyote anaweza kuyaandika maswali hayo kwenye barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, na ofisi ina siku 21 za kumjibu.